MASHINE ZA KUSIKILIZA DARAJA: TUZITAKE, LAKINI KWA SHARTI



Katika mkutano wa tawi letu mwezi uliopita palikuwa na kelele kidogo juu ya jambo ambalo halikuwamo katika ajenda. Kijana mmoja aliyetoka chuo cha ufundi alisimama akatueleza habari za vyombo vidogo viitwavyo vihisi, ambavyo siku hizi hubandikwa kwenye madaraja katika nchi nyingi ili kujua kama chuma kimechoka au zege limeharibika ndani. Kabla hajamaliza, mzee mmoja wa gengi akamkata: "Basi na sisi tunaotembea na nyundo na kitabu twende wapi?" Watu wakapiga makofi. Mwingine akasema hiyo ni hila ya matajiri ya kupunguza watu. Mwenyekiti akagonga meza, tukaingia habari za ada, na neno likaachwa hapo.

Mimi sikupiga makofi, wala sikumpinga yule mzee. Nimekaa na jambo hili mwezi mzima, na sasa naomba nafasi katika jarida letu niseme ninavyoona. Naona tulikosea. Vyombo hivi yafaa tuvidai sisi wenyewe, tena kwa sauti kubwa kuliko mainjinia. Lakini tuvidai kwa sharti moja: habari zake zimfikie yule aliye juu ya daraja na yule aliye chini yake, na huyo awe na haki ya kuacha kazi na kuondoka bila kuulizwa kwa nini. Pasipo sharti hilo, hata wakibandika vihisi elfu moja, ni mapambo tu.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili lanigusa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katika gengi la watu kumi na mmoja tukitengeneza barabara kwa mkandarasi mmoja ambaye sitamtaja. Palikuwa na daraja dogo la zege, hata malori mawili yakifuatana hayaenei juu yake. Nikaona ufa kwenye ukuta wa ng'ambo, pale boriti inapokalia. Ulikuwa ufa wa kuingiza ukucha. Nikamwambia msimamizi, akaandika kitabuni. Wiki ya tatu ukaingia kidole. Nikamwambia tena, akajibu, "Nimekwisha andika." Wiki ya sita mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi ule upande ukashuka ghafula kama ngamia anayepiga magoti. Mwenzetu aliyekuwa akikoroga saruji pale chini alivunjika mguu mahali pawili. Kitabu kilipoletwa mbele ya wakubwa, maneno yangu yalikuwamo, na tarehe zake mbili. Hakuna aliyekuwa amekifungua.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba taabu ya madaraja ni kukosa kujua, mimi simwamini mara moja. Mara nyingi anayejua yupo.

Sasa vyombo vyenyewe. Si uchawi, na hata mtu asiyesoma sana aweza kuvielewa. Mama anayenunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole. Kizima hulia vizuri, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Watu wa reli nao walikuwa na kazi ya kugonga magurudumu ya behewa kwa nyundo na kusikiliza. Daraja pia lina mlio wake. Lori likipita juu yake, daraja hutetemeka mara kadhaa kwa sekunde, na hesabu ya kutetemeka huko hutegemea ugumu wake na uzito wake. Likipoteza ugumu, hutetemeka pole pole zaidi. Kihisi cha mtetemo hufanya kazi ya yule mama, usiku na mchana, na malori yapitayo ndiyo kidole chake.

Kipo kingine ambacho ni waya mwembamba sana uliokunjwa-kunjwa na kubandikwa kwenye chuma kwa gundi. Chuma kikivutika, waya nao huvutika, na umeme hupita ndani yake kwa shida zaidi. Kwa kupima umeme huo injinia ajua chuma kimevutwa kiasi gani. Kipo cha kupima kuinama kwa nguzo, nacho ni pima maji yetu iliyokwenda shule. Tena kipo cha kusikiliza nyaya za chuma zilizofichwa ndani ya zege, maana nyaya hizo zikipata kutu hukatika mmoja mmoja, na kila mmoja ukikatika hutoa mlio. Nyundo haifiki huko, wala jicho halifiki.

Yule mzee wa nyundo namheshimu, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kazi. Lakini afikiri habari ya mji wa Point Pleasant, huko West Virginia, Marekani. Palikuwa na daraja lililoning'inia kwa minyororo ya vyuma virefu vyenye matundu mwishoni. Tarehe 15 Disemba 1967, jioni, magari yakiwa yamejaa, chuma kimoja kilikatika na daraja zima likaanguka mtoni. Watu 46 walikufa. Walipochunguza waliona ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi ndiko mambo yalikoanzia, tena mahali ambapo mtu asingeweza kuuona bila kufungua kiungo chenyewe. Mkaguzi mwema, mwenye macho ya tai, angepita hapo miaka yake yote ya kazi akaandika "salama".

Lakini mashine nayo hudanganyika. Huko Uswisi palikuwa na daraja lililoitwa Z24, ambalo lilikuwa livunjwe kupisha njia mpya. Mainjinia wakaliwekea vihisi karibu mwaka mzima, 1997 hadi 1998, kisha wakaliharibu makusudi, hatua kwa hatua, wapate kujua vihisi vitasema nini. Waligundua kwamba baridi peke yake, lami ilipoganda, ilibadili mtetemo wa daraja kiasi cha kuweza kuficha madhara ya kweli. Huku kwetu hatuna barafu barabarani, lakini tuna jua. Boriti ya chuma saa nane mchana Voi si ile ya alfajiri, kila fundi ajua hilo. Basi mashine ikipiga kelele kwamba kitu kimebadilika, ni nani atakayekwenda kuangalia kama ni ufa au ni jua? Ni yule mzee na nyundo yake. Na betri zikiisha? Na panya wakila waya? Na wezi? Msicheke juu ya wezi: mwezi wa Januari 1922 haikuwa, ilikuwa Januari 2022, juzi tu, Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu watu walikuwa wakibomoa mali ya umma na kuiuza kwa kilo. Kihisi kilichobandikwa leo, kesho kinaweza kuwa kwenye mizani. Kazi ya kuvilinda, kuvisafisha, kuvikagua na kubadilisha betri ni kazi ya watu, na chama chetu chapaswa kusema mapema kwamba watu hao watoke katika magenge yaliyopo, wafundishwe, na wapandishwe daraja la mshahara. (Hapo nasema daraja la mshahara, ndugu, msichanganye.)

Sasa nifike nyumbani, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Tukisema daraja limeanguka, twafikiri juu ya chuma na zege. Lakini adui mkubwa wa madaraja, huku na huko ng'ambo, ni maji yanayochimba miguuni. Mto ukijaa huenda kwa nguvu, hugonga nguzo, huzunguka, na kufukua mchanga ulioshika msingi. Tarehe 5 Aprili 1987 daraja la barabara kuu juu ya kijito cha Schoharie, jimbo la New York, liliporomoka wakati wa mafuriko kwa sababu hiyo hiyo, na watu 10 wakafa. Hapa kwetu, mwishoni mwa Januari 1993, gari la moshi la abiria lilitumbukia usiku katika mto Ngai Ndethia, kati ya Nairobi na Mombasa, kwa kuwa mafuriko yalikuwa yamelibeba daraja. Walikufa watu zaidi ya 100. Dereva hakuwa na njia ya kujua kwamba mbele yake hapana daraja. Usiku, mvua, na taa ya injini haioni mbali.

Na yako mambo ya mito yetu ambayo injinia aliyesoma ng'ambo hayajui mpaka aambiwe na mtu wa gengi. Mito mingi ya Ukambani na ya kaskazini ni mito ya msimu. Maji yakija, huja yote mara moja, huchimba shimo kubwa kando ya nguzo; yakipungua, hulijaza shimo lile kwa mchanga mpya uliolegea. Mkaguzi huja kiangazi, akaona mchanga umekaa sawasawa kama mkeka, akaandika "salama", akaondoka. Mchanga ule haushiki kitu. Shimo lilikuwapo usiku ule wa mafuriko, na mtu aliyekuwapo usiku ule hakuwapo.

Kwa hilo mashine yatushinda sote, na lazima tukubali. Kuna chombo rahisi kabisa: nondo huchomekwa kando ya nguzo mpaka chini, na pete nzito huvishwa juu yake ikakaa juu ya mchanga. Mchanga ukifukuliwa, pete hushuka nao, na haipandi tena. Ukiangalia pete imefika wapi, wajua maji yalichimba mpaka wapi, hata kama shimo limekwisha kujaa. Kuna kingine ambacho ni redio ndogo iliyozikwa katika mchanga kando ya msingi. Ikifukuliwa huelea na kupeleka habari. Vitu hivi si vya anasa, wala si vya madaraja makubwa tu yapigwayo picha. Vyafaa daraja la kijijini ambalo basi la shule hupita.

Hata kalvati yahitaji mlinzi. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli kwa kuwa njia yake chini ya tuta ilikuwa imezibwa na takataka na magogo. Yalipovunja yaliteremka juu ya nyumba za watu waliolala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Chombo cha kupima kina cha maji upande wa juu wa tuta kingeweza kulia saa nyingi kabla. Na gengi la watu sita wenye majembe na panga, likipita hapo kabla ya masika, lingeweza kuondoa magogo. Msiniulize kipi ni bora. Vyote viwili.

Tena kuna habari ya mchanga. Huko Ureno, tarehe 4 Machi 2001, daraja la Hintze Ribeiro juu ya mto Douro lilipoteza nguzo moja usiku. Basi moja na magari madogo matatu yakaingia mtoni na watu 59 wakafa. Katika sababu zilizotajwa, mojawapo ilikuwa uchimbaji wa mchanga mtoni kwa miaka mingi, mpaka msingi ukabaki wazi. Nani kati yetu hajaona malori ya mchanga yakipakia karibu kabisa na nguzo za daraja? Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015, na ni vizuri. Sitaki kuwatukana vijana wanaopakia mchanga kwa koleo, maana ni vibarua kama sisi na wanatafuta posho. Lakini nguzo haijui nani ni maskini.

Sasa turudi kwenye kitabu ambacho hakikufunguliwa.

Tarehe 1 Agosti 2007, mjini Minneapolis, Marekani, saa kumi na mbili jioni, daraja la barabara kuu lilianguka katika mto Mississippi. Walikufa watu 13 na wengine 145 wakaumia. Siku hiyo mafundi walikuwa juu yake wakitengeneza upya uso wa barabara, na mchanga, kokoto na mashine zao zilikuwa zimewekwa karibu na pale palipokuwa pabovu. Mmoja wa mafundi alikuwa katika wale 13. Uchunguzi ulionyesha kwamba mabamba ya kuunganisha vyuma yalikuwa nusu ya unene uliotakiwa, kosa la hesabu tangu daraja lilipochorwa miaka ya 1960. Lakini sikilizeni haya: picha zilizopigwa 1999 na 2003 zilikuwa zikionyesha mabamba yamepinda. Picha zilikuwapo! Daraja jipya lilifunguliwa Septemba 2008 likiwa na vihisi zaidi ya 300 ndani yake. Vizuri sana. Lakini wale mafundi waliopanga kokoto zao jioni ile hakuna aliyewaambia kwamba chuma kilicho chini ya miguu yao kimefika mwisho.

Mjini Genoa, Italia, daraja la Morandi lilianguka tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43, na baadhi yao walikuwa kazini chini yake. Mwaka uliotangulia, wataalamu wa chuo kikuu cha ufundi cha Milano walikuwa wamelipima, wakaona mambo yasiyo ya kawaida katika kamba zake za kubebea, wakashauri liwekewe vihisi vya kudumu. Siku lilipoanguka havikuwa vimewekwa. Kampuni iliyokuwa ikikusanya ushuru wa barabara ile haikusahau kukusanya ushuru hata siku moja.

Na Memphis, mwezi Mei 2021, daraja juu ya mto Mississippi lilifungwa kwa haraka kwa kuwa boriti yake moja ilikuwa imekatika karibu kabisa. Baadaye ufa ule ule ulionekana katika picha ya mwaka 2016 na katika filamu ya mwaka 2019. Walimfukuza mkaguzi mmoja. Huenda alistahili, sisemi. Lakini mimi kila nisikiapo kwamba kazi ya watu wengi imemwangukia mtu mmoja wa chini, hushika kofia yangu.

Hata hivyo habari inayoniondolea usingizi ni ya Baltimore. Tarehe 26 Machi 2024, usiku wa manane, meli kubwa ya makontena ilipotewa na umeme ikawa inaelekea kwenye nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Rubani akatoa habari kwa redio. Polisi wakasikia, wakazuia magari pande zote mbili, na kwa kufanya hivyo wakaokoa watu wengi. Lakini juu ya daraja walikuwamo wanaume wanane kazini, gengi la kuziba mashimo na mkaguzi wao. Neno halikuwafikia kwa wakati. Sita walikufa, wahamiaji kutoka Mexico, Guatemala, Honduras na El Salvador, waliokuja kutafuta kazi. Tahadhari ilikuwapo, redio ilikuwapo, ila hapakuwa na njia iliyonyooka kutoka kwenye redio ile hadi kwenye sikio la mtu mwenye koleo. Hiyo haikuwa habari ya ufa, ni ya meli, lakini kwetu ni ile ile.

Ndiyo maana nasema tusigombane na mashine. Tugombane juu ya waya wake unakokwenda. Kama waya waenda kwenye ofisi Nairobi, ambako karani ataona taa nyekundu Ijumaa jioni na kuiacha mpaka Jumatatu, tumefanya nini? Nataka kengele na taa ziwe darajani penyewe. Nataka mnyapara apate habari hizo katika simu yake saa ile ile injinia anapozipata, kwa Kiswahili, si kwa michoro. Na daraja linalojengwa lisisahauliwe, maana hapo ndipo sisi huumia. Wale wenzetu zaidi ya 20 walioumia tarehe 26 Juni 2017, daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia lilipoanguka kabla halijakwisha, walikuwa wakijenga.

Wengine watasema twaomba makubwa. Si makubwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi aonapo hatari kubwa aitaje kwa msimamizi wake, na tajiri asimrudishe mtu mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Yasema pia kwamba mtu asiadhibiwe kwa kulalamika juu ya usalama. Na penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama ambayo sisi tunao watu wetu ndani yake. Kamati hizo nyingi hukutana kunywa chai. Zipewe vitabu vya vihisi na vya wakaguzi kila mwezi, wavisome, waweke sahihi, na palipoandikwa jambo pasipojibiwa, katibu wa tawi aandike barua.

Nimemwomba mwenyekiti aliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, kabla ya habari za ada safari hii. Wakati huo huo namwomba kila mnyapara na kila mtu wa gengi aniletee kwa karatasi, hata ya daftari la mtoto: jina la daraja au kalvati, aliloona, tarehe aliyoliandika kitabuni, na jibu alilopata. Kama hakupata jibu aandike hivyo hivyo, "sikupata". Karatasi zipitie kwa makatibu wa matawi kabla ya mvua za masika.

Mtu wa Gengi